Soriasisi: maswali tunayoulizwa Dodoma na majibu yake

Juni hadi Agosti, upepo wa kipupwe unapokausha midomo ya kila mtu Dodoma, benchi la kliniki ya ngozi huwa halina nafasi. Baadhi ya wanaosubiri pale wana magamba meupe viwikoni, magotini na kichwani, na mkononi wameshika mfuko wenye tyubu za dawa zilizominywa nusu. Wengi wamezunguka maduka ya dawa kwa muda mrefu kabla hawajaambiwa jina la ugonjwa wao. Haya ndiyo maswali wanayouliza mara kwa mara.

Soriasisi ni ugonjwa gani hasa?

Ni ugonjwa wa kinga ya mwili unaojionyesha kwenye ngozi. Kinga inachangamka pasipo adui wa kupambana naye, na ngozi inaanza kujitengeneza upya kwa kasi isiyo ya kawaida. Kwa mtu asiye na ugonjwa huu, seli ya ngozi huchukua takribani mwezi mmoja kupanda kutoka chini hadi juu na kupukutika bila mtu kuona. Kwa mwenye soriasisi, kazi hiyo huisha ndani ya siku 3 hadi 5. Seli zinafika juu hazijakomaa, zinarundikana, na ndizo hizo unazozikung'uta kwenye shuka asubuhi.

Picha nyingi za ugonjwa huu zinaonyesha mabaka mekundu kwa sababu zimepigwa kwenye ngozi nyeupe. Kwenye ngozi yetu mabaka huwa ya zambarau, kahawia iliyokolea au kijivu, na kwa sababu hiyo hata mhudumu wa afya anaweza kuyapita. Baka likitulia huacha alama nyeusi, au pengine nyepesi kuliko ngozi ya jirani, inayokaa miezi kadhaa. Alama hiyo peke yake si ugonjwa. Usiifukuzie kwa mkorogo.

Je, inaambukiza?

Hapana. Haiambukizi kwa taulo, kwa kitanda, kwa kushikana mikono, kwa mashine ya kinyozi wala kwa tendo la ndoa. Nalirudia hili kila ninapopata nafasi, maana aibu inawaumiza watu kuliko muwasho. Kuna kijana wa Majengo aliyeinuliwa kwenye kiti cha kinyozi katikati ya kunyolewa, watu wakimtazama, akakaa mwaka mzima na kofia. Mwaka 2014 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilipitisha azimio kuhusu soriasisi, na ndani yake zilitamka wazi kwamba ni ugonjwa usioambukiza. Anayekwambia umerogwa au una laana, mwambie una ugonjwa wenye jina na wenye dawa.

Nitajuaje kama si fangasi, pumu ya ngozi au ukoma?

Mwenyewe nyumbani huwezi kuwa na uhakika, lakini dalili zipo. Fangasi wa mwilini hupenda kuchora duara lenye ukingo uliochachamaa na katikati panapoanza kusafika. Pumu ya ngozi kwa kawaida huanza utotoni, nayo hushika kwenye mikunjo ya ndani ya viwiko na nyuma ya magoti. Soriasisi hupendelea upande wa nje: ncha ya kiwiko, mbele ya goti, chini ya kiuno, kitovuni, nyuma ya masikio, na kichwani ambako huvuka mstari wa nywele kidogo na kuingia kwenye paji la uso. Angalia na kucha. Vishimo vidogo vidogo juu ya kucha, au kucha kuachana na nyama na kuwa nene na ya njano, vinaweza kuwa soriasisi. Watu humeza dawa za fangasi miezi na miezi kwa kucha ambazo hazina fangasi.

Ukoma ni jambo jingine kabisa: baka lake hupoteza hisia. Mhudumu atakugusa kwa kipande cha pamba ukiwa umefumba macho. Usipouhisi, uchunguzi wa ukoma unaanza, na dawa zake hutolewa bure. Kaswende katika hatua ya pili nayo huleta upele wenye magamba, hata viganjani na kwenye nyayo, kwa hiyo usishangae ukiambiwa upime damu. Usishangae pia ukishauriwa kupima VVU. Soriasisi inayolipuka ghafla na kwa ukali wakati mwingine ndiyo ishara ya kwanza ya VVU, na mtu akianza dawa za kufubaza virusi ngozi mara nyingi hupata nafuu.

Pale ambapo macho hayatoshi, daktari hukata kipande kidogo cha ngozi kikapimwe maabara.

Dawa ya dukani ilinisafisha ndani ya wiki mbili, kisha ugonjwa ukarudi kwa hasira. Kwa nini?

Swali hili ndilo zito kuliko yote. Tyubu nyingi zinazouzwa kwa matatizo ya ngozi zimechanganya dawa ya fangasi, dawa ya bakteria na steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho, kama betamethazoni au klobetazoli. Kilichokupa nafuu ni ile steroidi. Ukaacha ghafla, ukarudiwa, ukanunua nyingine kali zaidi, na ngozi ikaanza kuwa nyembamba, ikachanika michirizi, uso ukatoka chunusi.

Steroidi ya kupaka si sumu. Ni miongoni mwa dawa za kwanza za soriasisi, na daktari ataiandika. Tofauti ni kwamba yeye anachagua nguvu yake kulingana na sehemu: kali kwa kiwiko na goti, laini kwa uso, kwapa na sehemu za siri, kwa muda maalumu, kisha unapunguza pole pole. Kipimo nacho kipo. Minya dawa mstari mmoja juu ya kidole cha shahada, kutoka kwenye mkunjo wa kwanza hadi nchani. Hiyo ni kama nusu gramu, na inatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima. Mara nyingi daktari huongeza dawa yenye asidi salisiliki ya kulegeza magamba, dawa ya lami ya makaa ya mawe hasa kwa kichwa, au kalsipotrioli, ambayo ni ya jamii ya vitamini D.

Vidonge vya prednisoloni, yaani steroidi ya kumeza, na zile sindano za "kukausha ngozi" ni habari nyingine. Vinasafisha haraka sana, ndiyo maana vinapendwa. Dawa ikikatika, soriasisi inaweza kurudi ikiwa mbaya kuliko mwanzo, na kwa baadhi ya watu inageuka vipele vya usaha mwili mzima. Lakini kama umeshavitumia kwa muda mrefu, usivitupe leo. Nenda hospitali upunguziwe dozi kwa utaratibu.

Nimeandikiwa methotreksati na ndugu zangu wananitisha kuwa ni dawa ya saratani. Ninywe?

Ni kweli hutumika kwenye saratani kwa dozi kubwa. Kwa soriasisi dozi ni ndogo, na imesaidia wagonjwa wengi kwa miaka mingi bila gharama kubwa. Ila ina masharti ambayo hayana mzaha.

Inanywewa mara moja kwa wiki. Siyo kila siku. Mtu akiimeza kila siku kwa kukosea, uboho unaweza kuacha kutengeneza damu na akafa. Chagua siku, tuseme Jumamosi, iandike kwa kalamu nene juu ya boksi, na umwonyeshe mtu mnayeishi naye. Utapewa pia foliki asidi ya kumeza siku nyingine, kupunguza kichefuchefu na vidonda vya mdomo. Kabla ya kuanza na kila baada ya muda utapimwa damu, ini na figo, hata kama unajisikia mzima.

Septrini haikai pamoja na methotreksati. Kwetu septrini inamezwa kirahisi mno, kwa mafua, kwa kuharisha, kwa kikohozi, na wanaoishi na VVU huweza kupewa kama kinga. Mwambie kila anayekuandikia dawa kwamba unatumia methotreksati. Mwambie pia unapopewa dawa za maumivu kama diklofenaki.

Mama mjamzito haruhusiwi kabisa kuitumia, maana inaharibu mimba. Dada anayepanga kuzaa, na hata mwanamume, azungumze na daktari mapema badala ya kusubiri mimba iingie.

Na mvinyo wetu wa zabibu?

Pombe ya aina yoyote, iwe mvinyo wa Dodoma au ya kienyeji, huichochea soriasisi na kupunguza nguvu ya matibabu. Ukiwa kwenye methotreksati, inaumiza ini lile lile ambalo dawa inalielemea. Achana nayo. Sigara pia.

Ni nini kingine kinachoiamsha?

Msongo wa mawazo, kukuna na michubuko (baka jipya huota palipochubuka, kwa hiyo misuko ya kuvuta nywele na dawa kali za saluni si rafiki), na ukavu wa hewa. Kwa watoto na vijana, tonsesi: wiki mbili tatu baada ya koo kuuma, vidoa vidogo vinamwagika mwili mzima. Mtoto wa namna hiyo atibiwe koo vizuri.

Dawa nazo zimo. Propranololi na dawa za presha za jamii yake, lithiamu (dawa ya magonjwa ya akili), na klorokwini. Klorokwini Tanzania iliiacha kwa malaria tangu 2001, ila ndugu yake haidroksiklorokwini bado hutumika kwa magonjwa ya viungo. Usiogope dawa mseto ukipimwa na kukutwa na malaria. Wala usiache dawa ya presha kwa uamuzi wako. Mweleze daktari akutafutie nyingine.

Maji ya chumvi, ambayo watu wengi Dodoma huyalaumu, hayaleti soriasisi. Yanaweza kuikausha ngozi tu. Oga kwa muda mfupi, maji ya uvuguvugu, sabuni isiyo kali, halafu kabla ngozi haijakauka pakaa mafuta ya mgando, kwa wingi, asubuhi na usiku. Kama mfuko umebana, mafuta safi ya alizeti ya kwetu yanalainisha pia. Majani yanayochoma yaache.

Jua linasaidia?

Linasaidia wengi. Dakika kama 10 hadi 15 za jua la asubuhi kwenye mabaka zinatosha kuanzia, mradi ngozi isiungue, kwa sababu kuungua kunaanzisha mabaka mapya. Mwenye ualbino asijaribu. Hospitali zenye mashine ya mionzi ya UVB, ambayo ni sehemu ya mwanga wa jua, hutoa tiba hiyo kwa kipimo.

Vidole vyangu vimevimba na asubuhi siwezi kufunga kanga. Vinahusiana?

Vinaweza kuhusiana, mama, na usisubiri. Hadi wagonjwa 3 kati ya 10 hupata ugonjwa wa viungo wa soriasisi. Kidole huvimba chote kuanzia shinani, kisigino huuma, mgongo hukakamaa asubuhi kwa zaidi ya nusu saa. Ukichelewa, kiungo huharibika na hakirudi.

Itapona? Watoto wangu watairithi?

Haina tiba ya kuimaliza moja kwa moja, lakini ngozi inaweza kuwa safi kwa miezi au miaka. Kwa walioshindikana zipo sindano za kibayolojia, zinazozuia sehemu ya kinga inayochochea ugonjwa, zenye nguvu kweli ila ghali, na kabla ya kuanza lazima mtu apimwe kifua kikuu. Kuhusu kurithi, mzazi mmoja akiwa nayo uwezekano wa mtoto ni kama 1 kati ya 10.

Niende wapi, na nibebe nini?

Anzia kituo cha afya au hospitali ya wilaya, iwe Kongwa, Bahi, Mpwapwa au Manyoni, uombe rufaa. Kwa mjini kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Dodoma na Hospitali ya Benjamin Mkapa. Uliza kwanza siku za daktari wa ngozi, na kama una bima, uliza ni dawa zipi inalipia. Kesi ngumu huweza kupelekwa hospitali ya KCMC Moshi, ambako tangu 1992 kuna kituo cha kufundishia wataalamu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika.

Ukiwa na homa, unatetemeka, na ngozi karibu yote imewaka au imejaa vipele vya usaha, usingoje siku ya kliniki. Nenda mapokezi ya dharura siku hiyo hiyo.

Beba kila tyubu na kila kidonge ulichotumia, hata cha mganga. Piga picha ngozi inapokuwa mbaya, kwa sababu siku ya miadi inaweza kuwa imetulia. Na usipake kitu asubuhi ya siku hiyo, ili magamba yaonekane.