Amri ya Mahakama Pekee Haimleti Mtoto Nyumbani

Ofisi yetu hushughulikia mafaili ya familia zinazoishi Marekani ambazo zimeomba kuasili watoto kutoka nje, na katika miezi ya karibuni tumepokea malalamiko mengi ya aina moja kutoka kwa familia zinazozungumza Kiswahili. Mtoto ameasiliwa mahakamani, chumba chake kimeandaliwa, nauli imelipwa, lakini bado yuko katika makao ya watoto kwa sababu hana viza. Hatuna shaka na nia njema ya wazazi hawa. Tunalazimika hata hivyo kusema wazi kwamba amri ya mahakama humfanya mtu kuwa mzazi wa mtoto, wala haimpi mtoto huyo ruhusa ya kutoka katika nchi yake au ya kuingia katika nchi nyingine. Ruhusa hizo hutolewa na mamlaka tofauti, kila moja ikifuata sheria zake, na kibali cha moja hakiifungi nyingine.

Anayedhani kwamba jambo hili ni la makaratasi tu aikumbuke Kongo. Tarehe 25 Septemba 2013, idara ya uhamiaji ya Kinshasa ilisitisha vibali vya kutoka nchini kwa watoto walioasiliwa na wageni. Mamia ya watoto walikwama, baadhi yao wakiwa tayari na amri za mahakama za Kongo na viza za Marekani. Wapo walioruhusiwa kuondoka Novemba 2015, na kundi kubwa lilisubiri hadi Februari 2016. Mtoto aliyekuwa na umri wa mwaka mmoja zuio lilipoanza alikutana na wazazi wake akiwa na zaidi ya miaka mitatu, na muda huo wa malezi haulipiki.

Kwa sababu hiyo, hatua ya kwanza ni kuuliza kama nchi ya mtoto inaruhusu kuasiliwa na mtu wa hali yako. Kenya ilisitisha kuasiliwa kwa watoto wake na wageni Novemba 2014. Uganda, kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2016, inamtaka mgeni akae nchini humo walau mwaka mmoja na amlee mtoto kwa mwaka mmoja chini ya uangalizi, isipokuwa mahakama ione sababu za pekee, na hati ya ulezi iliyokuwa ikitumiwa na wageni kama njia ya mkato haipatikani tena kwa asiye raia. Tanzania, kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inamtaka mgeni awe ameishi nchini kwa miaka mitatu mfululizo, na awe amemlea mtoto huyo kwa malezi ya kambo kwa muda usiopungua miezi mitatu chini ya uangalizi wa afisa ustawi wa jamii. Hapa ndipo tunapojibiwa mara kwa mara, "Mimi si mgeni, nimezaliwa Moshi." Aliyechukua uraia wa Marekani akiwa mtu mzima amepoteza uraia wa Tanzania, kwa kuwa Tanzania hairuhusu uraia pacha, na mbele ya sheria hiyo huyo ni mgeni hata kama mama yake mzazi bado anaishi Moshi.

Upande wa Marekani, utaratibu huanza kabla ya kumchagua mtoto, na ndivyo tunavyosisitiza hata pale tunapoonekana wagumu. Mwombaji awe raia wa Marekani. Mwenye grini kadi, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, hawezi kutumia njia hii. Asiye na ndoa awe ametimiza miaka 25 wakati wa kuwasilisha ombi la mtoto. Shirika linaloongoza shughuli liwe na ithibati, sharti ambalo tangu tarehe 14 Julai 2014 linahusu nchi zote, ziwe zimejiunga na Mkataba wa Hague wa mwaka 1993, mkataba wa kimataifa kuhusu kuasili watoto baina ya nchi, kama Kenya, Rwanda na Burundi, au hazikujiunga, kama Tanzania, Uganda na Kongo. Kisha hufanyika uchunguzi wa familia na makazi, unaomhusu kila mtu mzima aishiye katika nyumba hiyo, akiwemo shemeji aliyekuja kukaa "kwa muda tu", na alama za vidole za wote huchukuliwa. Ripoti inapowasilishwa isiwe na umri unaozidi miezi 6. Kwa nchi zilizo nje ya mkataba, ombi la kuthibitisha kwamba unafaa kuasili ni Fomu I-600A, na ombi la mtoto mwenyewe ni I-600. Kwa nchi za mkataba ni I-800A na I-800, na mpangilio huo haugeuzwi, maana anayeasili kwanza mahakamani katika nchi ya mkataba na kujaza fomu baadaye anaweza kujifungia njia kabisa. Ombi la mtoto huwasilishwa kabla hajatimiza miaka 16, isipokuwa anamfuata ndugu yake aliyeasiliwa na wazazi haohao, ambapo kikomo ni miaka 18. Aidha, tangu mwaka 2025 yapo matangazo ya Rais yanayozuia viza kwa raia wa nchi mbalimbali, na orodha hiyo imekuwa ikibadilika. Pata uthibitisho wa maandishi kuhusu nchi ya mtoto kabla ya kulipa ada yoyote.

Kwa nchi zilizo nje ya mkataba, ubalozi wa Marekani hufanya uchunguzi wake kabla ya viza kutolewa, kwa lengo la kujua kama mtoto kweli ni yatima kwa tafsiri ya sheria ya uhamiaji ya Marekani. Mtoto kulala katika makao ya watoto hakumfanyi yatima. Wengi wana mama, bibi au baba mdogo aliyewapeleka huko kwa sababu ya ada ya shule au ugonjwa, akitumaini kuwarudisha. Mzazi mmoja akiwa hai, lazima ithibitike kwamba hana uwezo wa kumtunza mtoto kwa viwango vya nchi yake, na awe ameridhia kwa maandishi, bila kurudi nyuma, mtoto aondoke nchini na kuasiliwa. Mkuu wa makao hana mamlaka ya kutoa ridhaa hiyo kwa niaba yake, na mchango uliotoa kwa ajili ya bweni haukupi haki juu ya mtoto yeyote. Tunaomba hili lieleweke, kwa sababu tumechoka kulirudia huku mama wa mtoto akiwa hajaulizwa lolote.

Wapo pia wanaomleta mpwa wao katika mkumbo huu. Mtoto wa dada yako anayeishi na wazazi wote wawili, wenye afya na kazi, si yatima, hata kama ukoo mzima umekaa kikao na kukubaliana umchukue. Njia iliyobaki kwake ni ile inayodai aasiliwe kabla ya miaka 16, na kwamba umekuwa na haki ya kisheria ya kumlea na umeishi naye kwa miaka miwili. Kumwandikia kwamba wazazi wamefariki ni kosa. Udanganyifu wa viza unaweza kuadhibiwa kwa kifungo cha hadi miaka 10, na sheria ya kuasili baina ya nchi ya mwaka 2000 inaweka faini ya hadi dola 250,000 na kifungo cha hadi miaka 5 kwa anayetoa taarifa za uongo au malipo ili kushawishi ridhaa ya mzazi. Mpwa mwenyewe hubaki na rekodi itakayomfuata katika kila ombi la baadaye.

Mtoto akishafika, soma aina ya viza iliyobandikwa katika pasipoti yake. Mwenye IR-3 au IH-3, yaani aliyekwisha kuasiliwa kikamilifu katika nchi yake, akiwa chini ya miaka 18 na akiishi na mzazi wake raia, huwa raia wa Marekani siku anapoingia, na cheti cha uraia hutumwa kwake. Mwenye IR-4 au IH-4, ambaye kuasiliwa kwake hakujakamilika, huingia na haki ya ukaazi tu, na uraia wake husubiri kuasiliwa kukamilishwa katika jimbo mnaloishi, kabla hajafikisha miaka 18. Familia nyingi husahau hatua hii ya mwisho kwa sababu mtoto anasoma, anatibiwa na anaitwa kwa jina la ukoo wao. Sheria inayowapa watoto hawa uraia moja kwa moja ilianza kutumika tarehe 27 Februari 2001 na haikuwagusa waliokuwa wametimiza miaka 18 siku hiyo. Miongoni mwao wapo watu wazima walioletwa wachanga, wakalelewa na raia, na baadaye wakaamriwa kurudi katika nchi ambazo lugha zake hawazijui.