Je, Wajua Kwa Nini Ngome ya Krak des Chevaliers Ilianguka kwa Siku 36 Tu?

Magharibi mwa mji wa Homs, Syria, kuna kilima chenye kimo cha mita 650 hivi kutoka usawa wa bahari. Juu yake imekaa ngome yenye kuta mbili, ya nje na ya ndani, na chini yake limepita pengo linalotenganisha milima ya pwani ya Syria na ile ya Lebanon. Aliyetoka bara kwenda bandari za Tripoli (ile ya Lebanon) au Tartus alipita hapo, na walinzi walimwona mapema.

Waarabu waliiita Hisn al-Akrad, yaani ngome ya Wakurdi, kwa sababu mwaka 1031 amiri wa Aleppo aliwaweka hapo Wakurdi walinde njia. Neno hilo hisn si geni kwetu: ndilo lililozaa husuni, kama Husuni Kubwa ya Kilwa Kisiwani. Wafaransa wa Vita vya Msalaba walilitamka Akrad kwa ulimi wao, likawa Crat, na baadaye Krak.

Mwaka 1142 Raymond II, mtawala wa Tripoli, aliikabidhi kwa shirika la watawa wapiganaji lililoitwa Wahospitali, maana yeye mwenyewe hakuwa na uwezo wa kugharimia ulinzi wa mpaka ule. Wahospitali waliijenga upya. Walichimba birika za maji, wakajenga maghala, tanuri na kinu, na baada ya tetemeko la mwaka 1202 wakaongeza ule ukuta wa nje. Mwaka 1188 Salahuddin Ayyubi alifika na jeshi lake, akaitazama, akapita zake.

Sasa, mahali ambapo Salahuddin hakupajaribu paliangukaje mwaka 1271?

Jibu liko mashambani kuliko ukutani. Ngome haili mawe. Nafaka, mafuta na mikono ya kazi vilitoka vijiji vya uwanda ulio chini ya kilima, na fedha zilitoka kwenye kodi, ikiwamo iliyotozwa majirani Waislamu kama watawala wa Hama. Wakati wa neema, ngome iliweza kubeba watu 2,000 hivi. Kisha Sultani Baybars wa Misri akaanza kuikata mishipa hiyo, msimu baada ya msimu, kwa kuvamia mashamba na kuwalazimisha Wahospitali waache kutoza majirani. Mwaka 1268 mkuu wa shirika, Hugues Revel, alilalamika kwamba eneo lililokuwa na watu wapatao 10,000 limebaki tupu, na kwamba ndugu wa shirika waliosalia mashariki yote ni 300 tu.

Kwangu mimi, ngome ilianguka mwaka ule. Yaliyofuata yalikuwa kumalizia.

Baybars aliizingira tarehe 3 Machi 1271. Wakulima wa jirani walikuwa wamekimbilia ndani, wakakaa katika uwanja wa nje. Ukuta wa nje ulipovunjwa mwishoni mwa mwezi, baadhi ya askari waliuawa, lakini wakulima waliachwa warudi makwao: mshindi naye alihitaji watu wa kulima. Waliojifungia ndani ya ukuta wa pili walipokea barua iliyosemekana kutoka kwa mkuu wao aliyekuwa Tripoli, ikiwaruhusu kusalimu amri. Huenda ilikuwa ya kughushi. Tarehe 8 Aprili walitoka, wakapewa njia salama hadi Tripoli. Baybars akaukarabati ukuta, na kanisa likawa msikiti.

Baadaye, vita vilipohama, wanakijiji walipanda kilima wakahamia ndani kabisa. Kufikia miaka ya 1920 watu kama 500 walikuwa wakiishi humo. Mwaka 1933 Ufaransa, iliyotawala Syria wakati huo, ililipa faranga milioni moja, ikawahamisha ili ngome ikarabatiwe kwa ajili ya wageni. Naelewa sababu za wahifadhi, ila sioni kama ni haki kuwaita wavamizi watu waliofanya magofu yawe makazi.

UNESCO iliiandikisha ngome kuwa urithi wa dunia mwaka 2006. Kisha vita vya Syria vikafika pale pale. Wapiganaji walijificha ndani, makombora yakatoboa mapaa, na jeshi la serikali likaichukua Machi 2014. Kijiji kilicho chini ya kuta kiliumia zaidi, wakazi wake wengi wakakimbia. Kinaitwa Al-Husn.