Je, wajua? Kuna muvi ya mchoraji ambayo haina hata mchoro wake mmoja

Mwaka 1998 Uingereza ilitoka muvi inaitwa Love Is the Devil, inamhusu mchoraji Francis Bacon na mpenzi wake George Dyer, jamaa aliyetokea mitaa ya wahalifu London. Bacon kachezwa na Derek Jacobi, Dyer ni Daniel Craig huyu huyu, kabla hajawa James Bond. Ni kama saa moja na nusu hivi, na ndani yake huoni kazi ya Bacon hata moja. Maisha ya mchoraji, bila michoro!

Miaka mingi mimi niliamini ni ufundi tu wa dairekta, John Maybury, kwamba alitaka tuiwaze wenyewe. Kumbe sivyo. Wasimamizi wa mirathi ya Bacon walimnyima ruhusa ya kuonesha kazi zake.

Na hapa ndipo wengi wanachanganya, maana swali linalofuata huwa ni hili: si angemfuata tajiri aliyenunua mchoro akamwomba aupige picha? Haisaidii. Mchoro ni mali mbili ndani ya kitu kimoja: kuna turubai lenyewe na kuna haki ya kulinakili. Ukinunua turubai umepata turubai. Ni kama kitabu, ukishakilipia ni chako, kisome, kigawe, kichome ukitaka, ila kukitoa kopi uuze huwezi. Haki inabaki kwa msanii, akifa inaenda kwa warithi, na kwa sheria ya Uingereza inadumu miaka 70 kuanzia mwisho wa mwaka aliofariki. Bacon alifia Madrid Aprili 1992, kwa hiyo hesabu inafika mwisho wa 2062. Mwaka 2013 michoro yake mitatu inayomwonesha rafiki yake, mchoraji Lucian Freud, iliuzwa pamoja New York kwa dola milioni 142.4, na aliyetoa pesa yote hiyo hakupata haki ya kuichapa kwenye kalenda akauza. Ipo misamaha, mfano kwa anayeandika uhakiki, lakini muvi ya kuigiza kuegemea hapo ni kujitafutia kesi.

Basi Maybury akageuza kibao: kama michoro haioneshwi, muvi yenyewe ionekane kama mchoro wa Bacon. Sura alizochora Bacon ziko hivi: pua imevutwa pembeni, shavu limeyeyuka, mdomo uko wazi. Akazipata kwa lenzi na vioo vya kupotosha.

Kioo kinapindaje sura? Fikiria unasukuma mkokoteni kwenye lami halafu unaingia mchangani kwa mshazari. Gurudumu la kulia likigusa mchanga kwanza linapungua mwendo, la kushoto bado linakimbia, mkokoteni unajipinda wenyewe na wewe hujakata kona. Mwanga nao hivyo hivyo, ndani ya kioo unaenda taratibu kuliko hewani, karibu theluthi moja pungufu. Kioo bapa, kama cha dirisha, kinaupinda ukiingia na kuunyoosha ukitoka, huoni tofauti. Ila kikiwa kinene hapa chembamba pale, kama kitako cha glasi, kila mwale unashika njia yake, wa pua huku, wa jicho kule. Jaribu, weka glasi nzito mbele ya uso wa mtu uizungushe polepole, utaona taya linavyotoroka.

Kitu kimoja usikibebe kama historia: Dyer anavyoingia kwenye muvi, kama mwizi anayedondoka kutoka paani hadi studio ya Bacon. Bacon mwenyewe alisimulia kwamba walikutana wakinywa baa, mtaa wa Soho, London.

Mwisho wa Dyer ndio wa kweli na unauma. Alikufa kwenye bafu la hoteli Paris Oktoba 1971, siku mbili kabla maonyesho makubwa ya Bacon hayajafunguliwa Grand Palais, jumba la maonyesho la huko huko. Mwaka 1973 Bacon akalichora bafu lile kwenye turubai tatu: kushoto Dyer kakaa chooni, kulia anatapika kwenye sinki, katikati balbu inaning'inia juu yake na chini kivuli cheusi kinamwagika kikivuka mlango.