Je, wajua kwa nini mchago wa kitanda usio na mfano duniani unaweza kunyimwa hataza?

Tuseme fundi seremala wa Ngamiani, Tanga, ametengeneza kitanda cha mtiki cha futi 5 kwa 6 chenye mchago unaoinama. Ubao wa mchagoni umefungwa kwa bawaba. Kila upande una bamba la chuma lenye meno sita na ulimi wa kudaka. Mtu akitaka kukaa kitandani asome, anauinamisha ubao, ulimi unadaka jino, naye anaegemea. Fundi ametafuta kila mahali na hajaona kitanda kama hicho. Anataka hataza, yaani haki ya kuwazuia wengine wasikitengeneze wala kukiuza bila ruhusa yake. Kwa hali hiyo ilivyo, ombi lake lina nafasi ndogo sana ya kupita.

Sheria ya hataza ya Tanzania Bara, Sura ya 217, iliyotungwa mwaka 1987, inadai mambo matatu: uvumbuzi uwe mpya, uwe na hatua ya uvumbuzi, na uweze kutumika katika uzalishaji. Wengi huishia kwenye upya. Upya hupimwa kwa kulinganisha dai lako, yaani maneno ya ombi yanayotaja unachotaka kilindwe, na kitu kimoja kimoja kilichotangulia. Kitu hicho kikikosa hata sehemu moja ya dai lako, upya wako umesalimika. Kwenye hatua ya uvumbuzi, mkaguzi ana ruhusa ya kuchukua vitu viwili au vitatu vya zamani, akaviweka pamoja, kisha akauliza: je, fundi wa kawaida mwenye ujuzi wa kazi hii angefika hapa? Akijibu ndiyo, dai ni dhahiri na linakataliwa. Huyo fundi wa kawaida ni mtu wa kufikirika. Anajua yote yaliyowekwa hadharani kabla ya siku ya ombi, ana mikono mizuri, ila si mvumbuzi.

Mkaguzi huanza kwa kulikata dai vipande: fremu, mchago wenye bawaba, mabamba ya meno, ulimi, springi ya kuurudisha ulimi. Kisha anatafuta kila kipande kilikotoka. Mgongo wa kiti unaoinama na kuzuiliwa na fimbo iliyopachikwa kwenye vishikio ulikuwa ukiuzwa Uingereza na kampuni ya Morris tangu miaka ya 1860. Kitanda cha hospitali kinachoinua mgongo wa mgonjwa kinajulikana kwa jina la daktari Gatch wa Marekani tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Viti vya kulalia ufukweni vina meno yaleyale. Vitu hivi ni vya ufundi uleule au vinatatua shida ileile, kwa hiyo fundi wetu hawezi kudai kwamba havimhusu kwa kuwa yeye anatengeneza vitanda.

Utetezi unaosikika mara nyingi ni huu: "Lakini mimi nimeimarisha." Tuuangalie kwa hesabu. Mtu akiegemea kwa nguvu ya kilo 30, sentimita 50 juu ya bawaba, na meno yakiwa sentimita 10 tu kutoka kwenye bawaba hiyo, meno yanabeba mara tano ya nguvu hiyo, yaani kama kilo 150, au 75 kila upande. Ndiyo maana meno huliwa, ulimi wa upande mmoja huruka jino na ubao ukapinda, na skrubu zilizofungwa kwenye ncha ya ubao, zikienda sambamba na nyuzi za mbao, hulegea mapema. Yasogeze meno hadi sentimita 25 kutoka kwenye bawaba, na mzigo unashuka hadi kilo 30 kila upande. Ongeza nondo moja inayounganisha ndimi mbili ili zidake kwa pamoja. Badili skrubu uweke bolti na nati zenye wosha. Hayo yote ni kazi safi na mteja atashukuru, lakini fundi yeyote mzuri aliyeona tatizo angefanya hivyohivyo. Kwa sheria, ufundi mzuri peke yake hauitwi uvumbuzi.

Kesi inayotajwa sana katika jambo hili ni ya Marekani, kati ya kampuni za KSR na Teleflex. Hataza iliyobishaniwa ilihusu pedali ya mafuta ya gari inayoweza kusogezwa ili imfae dereva, ikiwa na sensa ya kielektroniki iliyofungwa kwenye mhimili usiosogea. Pedali ya kusogezwa ilikwishakuwepo. Sensa zilikuwepo. Tena maandishi ya awali yalikwishaonya kwamba nyaya za sensa zikivutwa huku na huku pamoja na pedali huchubuka. Basi aliyetaka kuweka sensa kwenye pedali hiyo alikuwa na sababu ya wazi ya kuiweka mahali pasiposogea. Tarehe 30 Aprili 2007 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwa kauli moja kwamba dai hilo lilikuwa dhahiri.

Hata hivyo, mkaguzi naye hana uhuru wa kuunganisha chochote na chochote. Akishaona jibu, ni rahisi kusema "mbona hii ni wazi", na hilo ndilo kosa kubwa la ukaguzi wa namna hii. Katika Ofisi ya Hataza ya Ulaya swali huwekwa hivi: haitoshi kuonyesha kwamba fundi wa kawaida angeweza kufanya hivyo, lazima ionekane kwamba angefanya, kwa sababu fulani iliyokuwa mbele yake siku ile. Maarifa ya zamani yakimwelekeza kwingine, dai linapata nguvu. Mwaka 1966 mahakama hiyohiyo ya Marekani ililinda hataza ya betri ya mvumbuzi Adams, ya magnesi na kloridi ya shaba, iliyoamshwa kwa kutiwa maji. Vipande vyake vilijulikana, lakini waliobobea hawakuamini kwamba ingefanya kazi.

Turudi kwa fundi wetu. Tuseme ameyaondoa meno yote. Uzito wa anayelala unapokandamiza chaga unasukuma wenzo unaobana mhimili wa mchago, na akiinuka mchago unakuwa huru. Sasa ulimi hauna jino la kuruka, na kadiri mtu anavyokuwa mzito ndivyo mchago unavyobanwa zaidi. Bado lazima itafutwe kama kuna aliyetangulia, lakini hapa kuna hoja ya kusimamia.

Hoja hiyo iandikwe ndani ya ombi tangu siku ya kwanza, kwa kuwa baadaye hairuhusiwi kuongeza jambo ambalo halikuwemo. Taja tatizo la mabamba ya meno waziwazi. Weka vipimo: mzigo uleule kwenye michago miwili, wa kawaida na wako, na sehemu inayoushika kila mmoja imelika milimita ngapi baada ya kuinamisha mara elfu kadhaa. Andika dai kuu pana, kisha madai tegemezi yanayobana zaidi (umbo la wenzo, mahali pa mhimili), ili la kwanza likianguka mengine yabaki. Na kabla ya kuwasilisha, usikipeleke kitanda kwenye maonyesho ya Sabasaba wala kurusha picha zake mtandaoni. Maonyesho yako mwenyewe yanaweza kutumika dhidi yako.

Kwa mchago wa meno sita ipo njia nyingine. Sheria hiyohiyo inatoa hati nyepesi kwa uvumbuzi mdogo, ambayo inadai upya na kufaa katika uzalishaji lakini haidai hatua ya uvumbuzi. Maombi hupelekwa BRELA, yaani Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, na aliyeomba hataza anaweza kuligeuza ombi lake liwe la hati hiyo, mradi afanye hivyo kabla uamuzi haujatolewa.