Lenzi haichongi

Kila picha ya herufi za Kichina zilizochongwa kwa udogo wa punje ya mchanga ikisambaa mtandaoni, maoni ni yale yale: mpe mtu yeyote hadubini, atachonga. Hapana! Umempa tatizo jipya.

Lenzi ya mara 10 inataka jiwe likae sentimita 2.5 tu mbele yake. Kalamu ya chuma ipite wapi? Ukiliinamisha jiwe kidogo, nusu ya herufi inapotelea kwenye ukungu. Baya zaidi, mtetemo wa mkono nao unakuzwa mara 10: jicho linauona, mkono unajaribu kuurekebisha, mstari unatoka na meno. Chonga kwa lenzi ya mara 3, inayoacha nafasi ya sentimita 8 hivi. Ile kali ni ya kukagulia.

Kwa hiyo unapokata, huoni vya kutosha. Mkono unatakiwa uwe unaijua herufi tayari, na ujuzi huo unatoka kwenye brashi na karatasi, miaka kwa miaka. Hapa ndipo wanaopenda njia za mkato wananichosha.

Piga hesabu. Herufi yenye mistari minane ya kulala, kimo milimita 1: kila mstari pamoja na nafasi yake una milimita 0.125. Ncha ikiwa na upana wa 0.1, kuta kati ya mistari zinabomoka, unabaki na shimo. Noa kabla ncha haijaanza kukwaruza. Egemeza kidole kidogo kwenye kibanio kinachoshika jiwe, toa pumzi, kata mara moja. Ukirudia mstari, utapata miwili. Kisha paka wino, futa juu, soma.

Jiwe la kuchongea la Shoushan au la Qingtian, kule China, ni laini, lakini lina punje ngumu zinazoirusha ncha pembeni. Pitisha sindano juu yake kwanza. Zamani walipenda pembe za ndovu, nyingi zikitoka huku kwetu Afrika. China ilifunga biashara hiyo ndani ya nchi mwishoni mwa 2017, na ilifanya vyema.

Maandishi juu ya unywele? Nina shaka nayo. Kitu kisichosomeka bila mashine kinapimwa kwa udogo wake tu. Mashua ya mchongaji Chen Zuzhang ya 1737, iliyoko makumbusho ya kasri huko Taipei, ni kokwa ya zaituni ya Kichina yenye urefu wa sentimita 3.4: watu 8, madirisha yanayofunguka, na chini yake utungo wa mshairi Su Shi wenye herufi zaidi ya 300. Watu huhesabu herufi, wakaondoka.

Acha kuhesabu. Kuza picha ya herufi moja mpaka ijae kioo cha simu. Mstari ukianza mzito na kuisha umechongoka, kama wa brashi, aliyechonga anajua kuandika. Unene ukiwa uleule mwanzo hadi mwisho, hiyo ni leza, au mkono ulioanzia kwenye lenzi.