Majivu ya shamba si mbolea kamili

Kiangazi kikikaribia kwisha, moshi hutanda mashambani, na wengi husema kuchoma mabua hurutubisha udongo. Imani hii ina chembe ya ukweli: majivu yana potasiamu na kalsiamu, tena hupunguza asidi ya udongo. Ndiyo maana mahindi ya msimu wa kwanza hupendeza macho. Lakini nitrojeni, ambayo mahindi huihitaji mno, sehemu yake kubwa hupaa na moshi pamoja na salfa. Majivu yenyewe huweza kusombwa na mvua ya kwanza, hasa kwenye miteremko. Mabua yakitandazwa hufunika udongo, hutunza unyevu na kulisha minyoo. Mchwa watakula kiasi, na ng'ombe wa jirani nao watadai fungu lao.