Pilates: tumbo likibanwa kupita kiasi, pumzi ipite wapi?

"Vuta kitovu mpaka kiguse mgongo." Anayeanza Pilates, mazoezi ya taratibu ya kuimarisha kiwiliwili, huisikia mapema kauli hii, na akiichukua ilivyo itampotosha. Atabana tumbo kwa nguvu zote, halafu ashangae mbona shingo inauma na pumzi inakata.

Ukweli ni kwamba kiwiliwili hutulizwa na misuli inayoshirikiana: kiwambo (msuli unaotenganisha kifua na tumbo) juu, sakafu ya nyonga (misuli inayofunga nyonga kwa chini) chini, msuli wa ndani wa tumbo unaozunguka kiuno, na misuli midogo inayoshika pingili za mgongo. Ukivuta pumzi kiwambo hushuka, na sakafu ya nyonga hushuka nacho kidogo. Ukitoa, vyote hupanda. Tumbo likikazwa mno, kiwambo hakipati pa kushukia. Hewa huishia juu kifuani, na shingo hubebeshwa kazi isiyo yake. Kaza kiasi cha kuweza bado kuongea, basi.

Jaribu: lala chali, kunja magoti, weka viganja kwenye mbavu za chini. Vuta hewa puani hadi mbavu zisukume viganja kwenda nje. Itoe yote mdomoni, taratibu. Mwishoni utahisi chini ya kitovu panakaza bila kulazimishwa. Kwa mazoezi mengi ya mwanzo, mkazo huo unatosha.

Wengine huamini kubana pumzi ndiko kunakoleta nguvu. Wanyanyua vyuma hufanya hivyo mzigo unapokuwa mzito, ila shinikizo la damu hupanda kwa muda mfupi. Joseph Pilates, Mjerumani aliyezaliwa 1883 na kuyaanzisha mazoezi haya, alitaka pumzi isikatike. Katika zoezi lake la Mia, mikono hupiga juu na chini mara 5 ukivuta hewa, mara 5 ukiitoa, kwa mizunguko 10. Utaibana saa ngapi?

Kwamba kupumua kwa tumbo ni kosa? Si kosa. Mbavu hutumika zaidi pale tumbo linapokuwa kazini. Ukipumzika, liache lijae.

Na tumbo la vipande, je? Msuli ule wa mbele kazi yake kubwa ni kukunja kiwiliwili. Mwenye vipande anaweza kunyoosha miguu hewani na kiuno kikabinuka papo hapo. Ukiona hivyo, au tumbo likituna katikati, mzigo umezidi: kunja magoti, toa pumzi, anza tena.